Hela ya Tabora yenye T: sio kila kasoro ni dili

Wana Tabora wenzangu, hizi hela (sarafu za heller) za Mjerumani za 1916 zinatuumiza kichwa bure. Mtu akiokota moja shambani anakimbilia kuuliza "imekosewa, nauza milioni ngapi?"

Wanasema ile T karibu na mwaka ni kosa la mashine. Hapana, T ni Tabora, herufi ya mji zilikogongwa! Nyingi za kabla ya hapo zina A ya Berlin au J ya Hamburg, ila vita ilipoziba njia ya bahari hela zikapungua, ikabidi zigongwe huku huku Tabora kwenye karakana ya reli.

Wanasema pia taji likiwa dogo au maandishi yamefifia basi ni kosa la nadra. Hapa ndo wengi tunapigwa. Mafundi walikuwa wanagonga harakaharaka kwa shaba yoyote iliyopatikana, hadi maganda ya risasi, ndo maana heller 20 zingine za njano zingine nyekundu, na kufifia ni kawaida yake kabisa. Taji lipo kubwa na dogo kwa sababu chapa za kugongea zilikuwa zaidi ya moja, hizo ni aina tu sio makosa.

Mstari juu ya sarafu je? Pitisha kucha. Ukiwa umeinuka, chapa ilikuwa na ufa na shaba ikaingia humo wakati wa kugonga, hiyo imetoka nayo karakanani. Ukiwa umechimbika ni mkwaruzo wa jembe au wa mfukoni, haina cha ziada. Nawaomba mjifunze hiki hata kama mengine mtasahau.

Tundu nalo: heller 5 za 1913 na 1914 zina tundu katikati makusudi, senti za Mwingereza vilevile. Heller 20 ya Tabora haina, ukiikuta imetobolewa pembeni ujue kuna bibi aliivaa shingoni.

Kwamba ina zebaki ndani ni uongo, ni kipande cha shaba tu.

Na msizisugue kwa limao au majivu zing'ae jamani, inauma sana, ule weusi wa miaka mia ndo mnunuzi anaoutafuta na ukitoka haurudi.

Ile sarafu ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, bandia zake ni nyingi mno, kabla ya kutoa pesa ipeleke kwa sonara aipime, halisi ina gramu 7 na kidogo.