Datsun 240Z na taa zake hafifu: shika mita kabla ya kununua balbu

Mzee mmoja wa hapa Mombasa aliniletea Datsun 240Z ya mwaka 1972, rangi ya chungwa, gari alilolitunza kuliko watu wengi wanavyotunza nyumba zao. Injini ya silinda 6 ilinguruma sawasawa, kabureta zote mbili zilikuwa zimelinganishwa vizuri, na bodi haikuwa na kutu, jambo ambalo kwa gari la pwani ni karibu muujiza. Kilichomleta kilikuwa kimoja. Alikuwa akirudi kutoka Malindi usiku, na kati ya Gede na Kilifi akamkosakosa mwendesha baiskeli aliyepakia madumu ya maji.

"Fundi," akaniambia, "nilimwona nikiwa nimeshamfikia. Nitafutie zile taa nyeupe za kisasa. Bei tutaelewana."

"Mzee wangu," nikamjibu, "nipe dakika kumi na mita yangu ya kupimia umeme kwanza."

Ombi kama lake nalipata mara kwa mara, na karibu kila mara pesa huwa inaelekea pasipo na ugonjwa. Gari la zamani likiwa na taa hafifu, mwenyewe hulaumu taa. Mimi nimeshafungua taa nyingi za namna hiyo, na mara nyingi nakuta balbu ni nzima na kioo ni safi. Kinachokosekana ni umeme. Haufiki.

Nikawasha injini, nikaishikilia kwenye mzunguko wa 1,500 hivi kwa dakika, nikawasha dimu, yaani mwanga wa chini. Kwenye betri mita ilisoma volti 13.8. Nikaenda nyuma ya taa ya kushoto, nikapima kati ya pini mbili za balbu yenyewe ikiwa inawaka: 11.6. Volti 2.2 zilikuwa zimepotelea njiani. Sharti taa iwe inawaka unapopima. Ukichomoa soketi na kupima tupu, mita itakuonyesha volti karibu zote na utaondoka ukidhani waya ni wazima, maana umeme usiotembea haupungui.

Mtu atasema volti 2.2 katika 13.8 si hasara kubwa, ni asilimia 16 tu. Kwa feni au redio, sawa. Balbu ya waya unaowaka haiko hivyo. Mwanga wake hufuata volti kwa kipeo cha 3.4 hivi. Ukipunguza volti kwa asilimia 5, unabaki na asilimia 84 ya mwanga. Ukipunguza kwa 10, unabaki na 70. Kwa huyu mzee, aliyepoteza 16, mwanga uliobaki ulikuwa kama asilimia 55. Karibu nusu ya taa yake ilikuwa inaishia ndani ya dashibodi, na kile kilichotoka mbele kilikuwa cha manjano kama chai ya rangi, kwa kuwa waya wa balbu usiposhiba umeme hauwi mweupe.

Umeme ule ulipotea wapi? Hapa ndipo ninapoipendea 240Z, kwa sababu ukishaijua njia yake umeelewa nusu ya magari ya Japani ya enzi hizo. Umeme unatoka kwenye betri, unaingia ndani ya gari hadi mita ya ampea iliyoko kwenye dashibodi, unakwenda kwenye sanduku la fyuzi, unapanda hadi swichi ya taa kwenye nguzo ya usukani, kisha unarudi mbele kabisa ya gari hadi kwenye taa. Safari haijaisha. Ukishapita kwenye balbu, unarudi tena ndani hadi swichi ya kuchagua dimu au fulu, yaani mwanga wa mbali, nayo pia iko kwenye usukani, ndipo unapoipata ethi, yaani chuma cha bodi kinachourudisha umeme kwenye hasi ya betri. Swichi hizo mbili ndogo zinabeba mzigo wote wa taa, karibu ampea 10, kwa shaba iliyofanya kazi hiyo zaidi ya miaka 50.

Nikapima kipande kwa kipande. Kutoka betri hadi sanduku la fyuzi, volti 0.5. Kwenye klipu za fyuzi, 0.3, na plastiki yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kahawia. Swichi ya taa, 0.6. Njia ya kurudi hadi ethi, 0.8. Jumlisha uone: 2.2 ile ile. Hizo 0.6 za swichi, ukizizidisha kwa ampea 10, ni wati 6 za joto ndani ya kitu kisichozidi kidole gumba. Ndiyo maana wenye magari haya hukuta sanduku la fyuzi limeyeyuka, halafu wanaweka fyuzi kubwa zaidi, na huko ni kukaribisha moto. Ningefunga balbu kubwa zaidi, ampea zingeongezeka, na hasara ingeongezeka pamoja nazo.

Gari hili lina historia kwetu, na sitaipita. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliliongoza 240Z hadi ushindi wa Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda tena na 240Z akiwa na Lofty Drews. Safari ya siku hizo ilikatiza usiku kucha kwenye tope na vumbi la Afrika Mashariki, na yale magari yalibeba taa za ziada mbele. Magari ya kawaida yaliyouzwa kwa raia yalikuwa na mbili tu, za duara, inchi 7.

Dawa ni rilei. Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi. Swichi ya zamani kwenye usukani inabaki palepale, lakini sasa inabeba sehemu ndogo tu ya ampea moja, ya kuamsha koili, ule waya uliozungushwa ndani ya rilei unaogeuka sumaku. Mzigo wenyewe unatoka huko huko mbele kwenye injini, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye rilei, unafika kwenye taa kwa waya mfupi mnene. Nilitumia waya wa milimita 2.5 za mraba, fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei, na rilei mbili za ampea 30: moja ya dimu, moja ya fulu.

Umeme wa kulisha rilei nauchukua upande wa altaneta, mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, si kwenye nguzo ya betri. Ukiuchukua kwenye betri, ampea zote za taa zitapita kwenye mita ya dashibodi zikielekea betrini, na sindano itakaa upande wa kuchaji usiku kucha hata kama betri imejaa. Mwenye gari atakupigia simu saa nane za usiku.

Sasa sikiliza kosa langu, kwa sababu lilinila nusu siku. 240Z ya kwanza niliyowahi kuitengenezea taa, nilifunga rilei kama ninavyozifunga kwenye magari mengine: waya wa dimu uliotoka kwenye soketi ya zamani nikaupeleka upande mmoja wa koili, na upande wa pili nikauunga kwenye bodi. Nikawasha dimu. Kimya. Nikabadilisha rilei, kimya. Nikalaumu swichi, nikaifungua, nikaisafisha kwa msasa laini, bado kimya. Mwishowe nikaketi chini nikapima polepole, nikaona aibu. Kwenye gari hili waya wa pamoja wa soketi ndio wenye chanya, na swichi ya dimu huleta ethi. Nilikuwa nimeipa koili ethi pande zote mbili, itaamkaje?

Njia sahihi ni hii. Pini 86 ya kila rilei inaungwa kwenye ule waya wa pamoja wenye chanya. Pini 85 ya rilei ya dimu inaungwa kwenye waya wa dimu, na ya rilei ya fulu kwenye waya wa fulu. Pini 30 inapokea umeme mkubwa kupitia fyuzi, na pini 87 inautoa kwenda kwenye taa. Ethi ya taa ni waya mpya, mnene kama ule wa chanya, uliofungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae, kisha ukapakwa grisi. Hapa pwani hatua hiyo ya grisi usiiruke. Chumvi ya bahari inaila shaba iliyo wazi, na kazi nzuri ya leo baada ya misimu miwili inakuwa ile ile 0.8 ya zamani. Waya wa zamani sikukata hata mmoja. Rilei zimechomekwa kwenye soketi ya asili, na siku mzee akitaka gari lirudi lilivyotoka kiwandani, ni kuchomoa tu.

Nikawasha tena, mzunguko ule ule wa 1,500. Kwenye balbu, volti 13.4. Kutoka 11.6 hadi 13.4 ni ongezeko la asilimia 15 au 16 za volti, lakini mwanga ulipanda kwa zaidi ya asilimia 60, na balbu bado ni zile zile alizokuja nazo. Mzee alisimama mbele ya gari, mikono nyuma, akatazama ukuta bila kusema neno kwa muda.

Baada ya hapo ndipo nilipokubali kuzungumza juu ya taa zenyewe. Gari lake lilikuwa na taa zilizozibwa, kioo na waya ni kitu kimoja, ukiungua unatupa zote. Nikamshauri aweke vikombe vya inchi 7, yaani taa yenye kioo na bakuli linalong'aa ndani, vinavyopokea balbu ya kubadilishwa aina ya H4, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Kampuni kama Hella, Cibié na Koito zimevitengeneza kwa miaka mingi. Balbu yenyewe, chukua ya kawaida yenye kioo kisicho na rangi. Ile yenye rangi ya buluu inapendeza machoni, ila buluu ile ni chujio: inazuia sehemu ya mwanga ulioulipia. Za wati 100 nazikataa kabisa, zinakaanga soketi na kuunguza utando unaong'aa ndani ya kikombe.

Na kikombe kina upande. Hili naliona likipuuzwa kila siku, na linaniumiza, kwa sababu wanaoumia barabarani si wenye gari. Mwanga wa dimu haukatiki sawa pande zote: unapanda kidogo kuelekea ukingo wa barabara, ili umwone anayetembea kwa miguu, na unabaki chini upande wa gari linalokuja. Kenya, Tanzania na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Ukiagiza vikombe kutoka Marekani au Ujerumani, mwanga utapanda kulia, moja kwa moja kwenye macho ya dereva wa lori linalokuja. Simama mbele ya taa usome kioo. Zile zilizoidhinishwa kwa kanuni za Ulaya zina herufi E ndani ya duara, na zile za kuendesha kushoto zina mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ukiwa umeitazama taa. Zisizo na mshale ni za kuendesha kulia. Wa Bujumbura atachagua kinyume cha wa Mombasa.

Juu ya LED nitasema kidogo, maana mzee alizitaka. Balbu ya LED ndani ya kikombe cha H4 siifungi. Ndani ya H4, chini ya waya wa dimu, kuna kijikombe cha chuma kinachofunika nusu ya mwanga, na kikombe chote cha taa kimepigiwa hesabu kutoka pale waya ulipo, kwa vipimo vya chini ya milimita. LED ikikaa hata kidogo nje ya nafasi hiyo, mwanga unatawanyika. Ukutani unaonekana mwingi, barabarani unakosa umbali, na wengine wanapofuka. Taa nzima ya LED ya inchi 7 iliyobuniwa na kioo chake ni jambo tofauti, inaweza kuwa nzuri sana. Lakini LED huchagua chanya na hasi, tofauti na balbu ya waya, na kwenye waya wa asili wa 240Z, ambao pini ya pamoja ni chanya, nyingi hazitawaka. Kwa rilei nilizofunga zitawaka, kwa kuwa sasa pini ya pamoja ni ethi.

Kulenga tulikufanya jioni, kwenye sakafu iliyo sawa, upepo wa tairi umepimwa, na mzee mwenyewe ameketi nyuma ya usukani ili gari lizame kwa uzito wake. Gari liko mita 10 kutoka ukutani. Nilipima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, nikachora mstari wa kimo hicho ukutani, kisha mwingine sentimita 10 chini yake. Mpaka wa mwanga ukae kwenye mstari wa chini. Skrubu mbili tu kwa kila taa, moja ya juu na chini, moja ya kushoto na kulia, lakini zilikuwa zimeganda na zilitaka mafuta, subira na saa nzima.

Giza lilipoingia nilimwomba mzee alipeleke gari kwenye barabara ya nyuma isiyo na taa, mimi nikatembea mbele yake hatua kama 30 na kugeuka. Akawasha dimu. Mwanga ulikatika kwenye magoti yangu, macho yangu yakaona usukani na uso wake bila kukunja. Upande wa kushoto ulipanda polepole juu ya majani, ukafika kwenye ua wa makuti, na pale nikaona mbuzi wawili ambao hakuna kati yetu aliyekuwa amejua kuwa wapo.