Eti kupinga bila bunduki ni woga? Tuongee ukweli kuhusu uhuru wetu

Maandamano yakipangwa hapa Nairobi huwezi kosa mtu kwa matatu akisema uhuru ulitoka msituni kwa Mau Mau peke yake, wengine walikuwa wanaimba tu wakingoja mzungu awahurumie. Hii maneno inaniuma sana.

Woga? Tarehe 16 Machi 1922 maelfu ya watu walijaa nje ya kituo cha polisi, pale Central ya leo, wakitaka Harry Thuku, kiongozi aliyekuwa anatetea wafanyakazi Waafrika, aachiliwe. Alikuwa ameshikwa siku mbili kabla, juu alikuwa anapinga kipande (kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba), kodi ya nyumba na mishahara kukatwa. Viongozi walienda kuongea na serikali wakarudi wakiambia watu warudi nyumbani, ndio Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake akawaambia wanaume wachukue rinda wampe suruali zao, wanawake wakapiga vigelegele na umati ukasonga mbele mpaka karibu na bayoneti za askari. Polisi wakafyatua risasi, na masetla waliokuwa hoteli ya Norfolk hapo karibu wanasemekana kupiga pia. Nyanjiru akafa. Serikali ilihesabu maiti 21, waliokuwepo wakasema ni wengi zaidi.

Wengine husema hii njia ya kupinga bila silaha tuliazima kwa Gandhi. Kushirikiana na Wahindi kulikuwepo, M. A. Desai, mwanasiasa Mhindi wa Nairobi, alimsaidia Thuku sana, na Makhan Singh wa vyama vya wafanyakazi ndiye alisimama Kaloleni hapa Nairobi Aprili 1950 akadai uhuru kamili waziwazi. Lakini kile Nyanjiru alifanya hakikutoka India. Mwanamke wa Kikuyu kujivua nguo mbele ya wanaume ni laana na aibu kubwa kwao, na kila mtu pale alielewa.

Na wale wa "haikubadilisha kitu"? Mwaka 1938 serikali ilikuwa inachukua ng'ombe za Wakamba kwa nguvu na kuziuza bei ya chini, eti ni nyingi zinaharibu mchanga. Watu wakatoka Machakos, wanaume, wanawake na watoto, wakaja Nairobi wakapiga kambi wiki kadhaa, hawatoki bila gavana kuwasikiza. Kiongozi wao Muindi Mbingu alipelekwa kizuizini Lamu, lakini kuuza ng'ombe kwa lazima kukasimamishwa. Leo watu wanapita Muindi Mbingu Street kila siku na wengi hawajui alifanya nini.

Ile inanisumbua zaidi ni hii ya kugawanya watu, Mau Mau huku na wapole kule. Fred Kubai alikuwa wa vyama vya wafanyakazi, na aliposhikwa pamoja na Makhan Singh Mei 1950 Nairobi ikagoma siku kadhaa, askari wakarusha tiagesi mitaani. Kubai huyo huyo ndiye alihukumiwa Kapenguria 1953 pamoja na Kenyatta kwa kesi ya Mau Mau. Na wakati wa vita vyenyewe, hapa mjini Mau Mau waliamrisha watu wasipande mabasi, wasivute sigara za wazungu wala kunywa bia yao, na watu wa Eastlands wakatembea kwa miguu mpaka kazini.