Kinachoishinda oksidi ya kromi ni joto letu

Pierre Curie alidokeza mwaka 1894 kwamba huenda kuna maada ambayo ukiitia umeme inapata usumaku, na ukiisogezea sumaku inatoa umeme. Hoja ilikaa karatasini hadi 1959, mwanafizikia wa Kisovieti Dzyaloshinskii alipokokotoa kwamba oksidi ya kromi inafaa. Mwaka uliofuata Astrov, naye Msovieti, akalithibitisha hilo maabara. Ni unga uleule wa kijani unaotiwa kwenye rangi za kupaka.

Mimi kazi yangu ni vipimo vya umeme hapa Mtwara, kwa hiyo jambo la kwanza ninaloulizia ni joto. Oksidi ya kromi hupoteza tabia hiyo ikifika Kelvini 307, yaani nyuzi 34 za Sentigredi. Msimu wa korosho, boksi la chuma lililofungwa juani kwenye nguzo linapita hapo bila shida. Na hata kukiwa na ubaridi, umeme inaoutoa ni kiduchu mno.

Njia ya kwenda viwandani ilifunguliwa na maabara ya Philips, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walichanganya bariamu titaneti, seramiki inayotoa volti ikivutwa, na feriti ya kobalti, ambayo ni ya sumaku, na hakuna hata moja kati ya hizo inayofanya kazi hiyo peke yake. Feriti ikiguswa na uga wa sumaku hubadilika urefu kidogo sana, inamvuta jirani yake, na jirani akivutwa anatoa volti. Siku hizi hubandikwa tabaka kwa tabaka: utepe wa Metglas (aloi ya sumaku yenye chuma) juu ya PZT, seramiki nyingine inayotoa volti ikivutwa. Nguvu yake inaizidi oksidi ya kromi mara mamia.

Katika matumizi ya maada hizi, wengi hushabikia kumbukumbu za kompyuta. Mimi navutiwa zaidi na sensa ya mkondo, kifaa cha kupima mkondo wa umeme: unaiweka kando ya waya, hukati kitu, na yenyewe haihitaji umeme wa kuiendesha, ila kisumaku kidogo cha kuiweka sawa.

Tatizo ni gundi inayoshikanisha tabaka hizo. Epoksi ikilainika kwa joto, mvuto haufiki upande wa pili na kipimo kinashuka. Ndiyo maana kwenye karatasi ya muuzaji naanzia kwenye kikomo cha joto, usikivu baadaye.

Kwenye gridi yetu ya hezi 50 sensa hii inafaa. Kwenye sola ni kazi nyingine: mkondo ni wa moja kwa moja (DC), hautikisiki, chaji inavuja, lazima uongeze koili ya kuitikisa, na koili hiyo inakula umeme.