Kovu Dogo Halimaanishi Mshtuko Mdogo: Dhana Potofu Kuhusu Upasuaji wa Tumbo

Ndugu wanaomsindikiza mgonjwa kutoka Sikonge au Urambo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, Tabora, mara nyingi huwa wamekwisha kuamini kwamba upasuaji wa matundu madogo, unaofanywa kwa kamera na vifaa vyembamba vinavyopitishwa kwenye vitundu vya tumboni, hauugusi mwili, na kwamba kufunguliwa tumbo ndiko kunakomaliza nguvu za mtu. Imani hiyo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowashangaza pale mgonjwa mwenye vidonda vya ukubwa wa ukucha anapoambiwa kuwa shinikizo lake la damu na sukari vimepanda.

Mwili huujibu upasuaji kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya neva na homoni: taarifa kutoka sehemu inayokatwa hufika kwenye ubongo, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa kotisoli, homoni ya mshtuko, na adrenalini nayo huongezeka, hivyo moyo hupiga haraka, sukari hupanda na mwili huzuia maji na chumvi visitoke. Wagonjwa waliotolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo walipolinganishwa na waliofunguliwa tumbo, homoni hizo kwa jumla zilipanda kwa viwango vinavyokaribiana. Hilo halipaswi kushangaza, kwa sababu kiungo cha ndani huvutwa na kukatwa vilevile, na zaidi ya hapo, katika upasuaji wa matundu, tumbo hujazwa hewa ya ukaa, kwa kawaida kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, ambayo hubana mishipa ya damu na kuisukuma juu diaframu, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Maumivu ya bega ambayo wengi huyadhania kuwa ya kulala vibaya kitandani hutokana na diaframu hiyo kuwashwa na hewa.

Njia ya pili ni ya uvimbe na kinga, na hapa ndipo matundu madogo yanapostahili sifa. Tishu zilizojeruhiwa hutoa interlukini-6, kemikali inayoamsha uvimbe, ambayo huongezeka ndani ya saa chache kwa kadiri ya ukubwa wa jeraha, kisha ini hutengeneza protini iitwayo CRP, ambayo ni kipimo cha uvimbe mwilini, inayofikia kilele siku ya 2 au ya 3. Vyote viwili huwa chini zaidi pale misuli ya tumbo isipokatwa kwa urefu, na ndiyo maana mgonjwa huumwa kidogo, hupumua vizuri zaidi na huwahi kutembea.

Wapo pia wanaosema kwamba aliyepigwa nusu kaputi hana habari, na mwili wake pia hauna habari. Dawa ya usingizi huondoa fahamu, lakini neva huendelea kupeleka taarifa. Ganzi ya mgongoni huzipunguza sana taarifa za nyonga na miguu, ila kwa upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo haizizuii zote.

Kosa zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kuulaumu mkato mrefu kwa udhaifu wa mtu aliyefika hospitali utumbo ukiwa umetoboka kwa homa ya matumbo. Mwili wake ulikuwa katika hali ya hatari kabla ya kisu kumgusa, na kumfungua tumbo ili kuusafisha usaha ndiko kunakozuia hali hiyo isimuue.

Kuhusu sukari, kupanda kwake baada ya upasuaji si lazima kuwe kisukari kipya, kwani kwa siku kadhaa insulini hufanya kazi kwa udhaifu, na udhaifu huo huwa mkubwa zaidi baada ya upasuaji wa wazi. Anayeumwa kisukari tayari hupimwa sukari mara kwa mara hata akiwa amefanyiwa upasuaji wa matundu, na asali ya miombo anayoletewa na ndugu kwa kuamini kuwa si sukari huipandisha vilevile.