Je, wajua kwanini kiti cha gari kiliwahi kulipiwa bando?

Mwezi wa 7 mwaka 2022 wapenzi wa magari duniani walishika vichwa. BMW walikuwa wameweka kwenye duka lao la mtandaoni, Korea Kusini, huduma ya kupasha kiti moto kwa malipo ya kila mwezi, kama dola 18 hivi, na Uingereza ikawa pauni 15. Sasa elewa vizuri hapo, nyaya za joto zilishashonwa ndani ya kiti tangu kiwandani, gari umeshalipia na imelala kwako, ila kiti hakipati moto mpaka ununue bando, yani kama king'amuzi cha tv, dishi lipo juu ya bati na rimoti unayo mkononi lakini usipolipia unaangalia kioo cheusi.

Hivi imefikaje huko? Inabidi turudi nyuma kidogo.

Zamani, na hata sasa kwa magari mengi, kampuni ikitoa modeli mpya inaiacha sokoni miaka 6 mpaka 8 hivi, na katikati hapo, mwaka wa 3 au wa 4, wanaibadilisha sura. Taa mpya, bampa mpya, shoo mpya, ndani wanaongeza skrini. Wabongo tunaijua sana hii, Harrier ile iliyotoka mwishoni mwa 2013 ikabadilishwa sura 2017, na mpaka leo watu wanabishana kijiweni kama ile tofauti ya taa inastahili hela inayoongezwa. Lengo la kubadilisha sura lilikuwa moja tu, gari isionekane imezeeka, mnunuzi asikimbilie kwa jirani. Lakini ni kazi ya gharama kubwa mno, maana kila bati jipya linataka kalibu zake za chuma za kukandamizia, kila taa mpya inataka kuchorwa, kupimwa, kuthibitishwa kisheria, na laini ya kiwanda inasimama kupangwa upya.

Afu wakaja Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, na gari yao ya Model S mwaka 2012. Kikubwa kwenye ile gari hakikuwa betri peke yake, kilikuwa ni jinsi walivyopanga kompyuta zake. Gari ya kawaida ina vile viboksi ambavyo mafundi umeme wanaviita kontroboksi, cha injini, cha gia, cha breki, cha vioo, cha milango, gari za kifahari zinaweza kuwa navyo mpaka 100, na kila kimoja kimetoka kwa mtengenezaji wake na programu yake, havielewani vizuri, kwahiyo kubadilisha kitu ni mpaka uipeleke gari kwa dila ichomekewe mashine. Tesla wao kazi nyingi wakazileta kwenye kompyuta chache wanazozimiliki wenyewe na wakaiunganisha gari na intaneti. Ikawa inapokea sasisho, yani programu mpya, usiku ikiwa imepaki, kama simu.

Mfano ambao mimi huwa naurudia kila nikibishana na mtu ni wa 2018. Gazeti la wateja la Marekani, Consumer Reports, walipima breki za Model 3, gari nyingine ya Tesla, wakakuta kutoka mwendo wa maili 60 kwa saa, kama kilometa 97, gari inatumia mita 46 hivi kusimama, ndefu kupita hata pikapu kubwa ya Ford F-150, wakakataa kuipendekeza. Siku chache baadae Tesla wakatuma programu mpya, wakapima tena, ikasimama karibu mita 6 mapema zaidi. Hakuna fundi aliyegusa pedi wala diski! Mita 6 ni tofauti ya kumgonga mtoto na kutomgonga. Na Model 3 hiyo hiyo ilitembea na sura ile ile kuanzia 2017 mpaka 2023 ndo ikaja kuguswa kwa maana, na watu waliendelea kuipanga foleni, kwasababu kila baada ya muda kuna kitu kipya kimeingia ndani. Wenye viwanda wengine waliona hilo wakajiuliza, sasa sisi tunamwaga hela kwenye mabampa ya nini.

Hapo ndo upande mzuri. Upande wa pili ni hesabu za hela, na ndo penye bando.

Kiwandani, kutengeneza gari za aina nyingi ni usumbufu, hii ina kiti cha moto ile haina, hii nyaya zake hivi ile vile. Inakuja kuwa rahisi kuziweka zote vitu vyote halafu unafunga kwa programu. Tesla 2016 waliuza Model S iliyoandikwa 60 wakati betri iliyobebwa chini ni ya 75 (ni kilowati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba), ukitaka iliyobaki unalipia. Mwaka 2017 kimbunga Irma kilipokuwa kinaelekea Florida, Marekani, wakawafungulia kwa muda wenye gari hizo ili wapate umbali wa kukimbilia. Lilikuwa jambo jema, lakini ndo siku watu wengi walipogundua kwamba umbali ule walikuwa nao muda wote chini ya makalio yao.

Wengine wakafuata. Mercedes Marekani mwaka 2022 walitangaza dola 1,200 kwa mwaka ili gari zao za umeme za EQE na EQS zichomoke haraka zaidi, yani muda wa kutoka kusimama mpaka maili 60 kwa saa upungue kama sekunde moja hivi. Volkswagen Uingereza 2025, gari yao ya umeme ya ID.3 yenye uwezo wa farasi 228 inakuja imebanwa kwenye 201, ukitaka zote ni pauni 16.50 kwa mwezi au 649 mara moja. Na General Motors (GM), kampuni kubwa ya magari ya Marekani, walishasema 2021 kwamba ifikapo 2030 wanataka dola bilioni 20 mpaka 25 kwa mwaka kutokana na programu na huduma. Zamani gari ikishauzwa kampuni inabaki kusubiri ununue spea, sasa wanataka ile ile gari iwalipe miaka 10, tena kila inapobadilisha mmiliki.

BMW wenyewe 2023 waliacha lile la viti baada ya wateja kukasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Mimi naona kulipia kitu kinachoendelea kumgharimu mtoaji, kama ramani zenye taarifa za foleni, sawa kabisa. Lakini kitu kilichomo ndani, ambacho nakibeba kwa mafuta au umeme wangu, kimefungwa tu ili nilipe tena, hapana, hiyo sio haki.

Na sisi tunaonunua gari mkono wa pili na wa tatu inatuhusu sana. Unajua ile redio ya Kijapani ambayo ukibadilisha betri tu inajifunga na kudai kodi, yani namba za siri? Mjomba wangu aliendesha kimya miaka miwili kwa ajili hiyo. Sasa fikiria hivyo kwa nguvu ya injini. Mwishoni mwa 2019 Marekani kuna mtu alinunua Model S iliyotumika kwa dila, kwenye tangazo ina Autopilot ya juu, yani mfumo wa Tesla wa kumsaidia dereva kuendesha, afu Tesla wakaja kuiondoa kwa mbali wakisema hajailipia, ikarudishwa baada ya kelele za magazeti.

Kwahiyo kama unaagiza gari ya miaka ya karibuni, muulize muuzaji kila kitu unachokiona kwenye picha kimenunuliwa jumla na kinabaki na gari au ni bando la mwenye nalo, na hakikisha akaunti ya mmiliki wa kwanza imefutwa kabla gari haijapanda meli, maana isipofutwa anaweza akawa bado anaiona gari yako ilipo kwenye simu yake.