Kusomea uteknolojia wa meno: uliza benchi kwanza, jina la chuo baadaye

Kila matokeo ya form six yakitoka huwa naanza kupata meseji na simu, kuna madogo wenyewe, kuna wazazi, na swali karibu ni lile lile, kijana kasoma PCB (fizikia, kemia na bailojia), udaktari hajapata, kasikia kuna kozi ya kutengeneza meno, je asome wapi na inalipa? Nimeona niandike yote hapa kwa pamoja, maana kwenye simu salio linakata kabla hatujafika kwenye chenyewe. Wazazi shikamooni, na nyie wadogo zangu karibuni.

Kwanza tuelewane hii kazi ni ipi. Mteknolojia wa meno hang'oi jino wala hazibi jino, na mgonjwa mara nyingi hata hakutani naye. Daktari wa meno anachukua impresheni mdomoni, yaani chapa ya meno na ufizi, anaandika maelekezo yake, vinaletwa maabara, mimi natengeneza, iwe meno bandia ya kuvaa na kuvua, iwe kroni ya kufunika jino lililobaki kipande, iwe briji ya kuziba pengo, iwe kifaa cha waya cha kunyoosha meno ya mtoto, halafu kinarudi kwa daktari amvalishe mtu wake. Ukienda kusoma ukidhani hii ni njia ya mkato ya kuwa daktari wa meno utasota bure, udaktari wa meno ni digrii nyingine kabisa, pale Muhimbili (MUHAS) inachukua miaka 5 na baada ya hapo kuna mwaka wa intern. Huku kwetu unafundishwa mkono, jicho na tabia za material. Mi nasema hivyo vitatu ndo kozi yenyewe, mengine yote yanazunguka hapo.

Mimi nilisoma Durban, Afrika Kusini, enzi zile ilikuwa diploma ya miaka 3 halafu ukitaka unaongeza mwaka mmoja wa BTech, yaani digrii. Mwaka wa kwanza watu wengi wanashangaa, walitegemea wataanza na mashine, badala yake wanapewa kipande cha nta na kisu wanaambiwa chonga jino. Mtu mzima ana meno 32 na kila jino lina sura yake, gego la kwanza la juu lina vilima vinne na mara nyingi kijilima kidogo cha tano upande wa ulimi, chonge ina mgongo mmoja uliosimama, meno ya mbele ya chini ukiyachanganya hata mwalimu anatulia kwanza ndo ayatofautishe. Unachonga, unapimwa, unaambiwa rudia. Kuna wenzetu waliona ni kupotezewa muda na wakaacha. Ila bila hiyo miezi ya kuchonga huwezi kutengeneza gego linalotafuna, utatengeneza kitu cheupe chenye umbo la jino tu, mgonjwa anakula nyama anaambulia kuisukuma huku na huku mdomoni.

Sasa nije kwenye material, hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo pananigusa zaidi.

Chukua plasta. Plasta nyeupe ya kawaida na ile stoni ngumu tunayomwagia modeli, yaani nakala ya mdomo wa mgonjwa, kikemia ni kitu kimoja, zote ni jasi (hii hii inayochimbwa Itigi hapo njiani ukitoka huku kwetu Tabora kwenda Dodoma) iliyochomwa ikatolewa sehemu ya maji yake. Tofauti ni namna ya kuchoma tu. Ikichomwa wazi chembe zake zinabaki na matundu na umbo la ovyo, ikichomwa kwenye mvuke wenye presha chembe zinatoka zimeshikana vizuri. Ndo maana plasta gramu 100 inataka maji kama mililita 50 na stoni gramu 100 inataka kama 30 tu, na maji yaliyozidi baadaye yanakauka yanaacha nafasi, modeli inakuwa dhaifu. Mwanafunzi aliyeelewa hilo huhitaji kumwambia apime maji, atapima mwenyewe. Aliyekaririshwa "mililita 30" siku akiwa na haraka atamwaga kwa macho, na modeli ikimeguka pembeni hatajua kwa nini.

Au akriliki, ile plastiki ya pinki ya kutengenezea ufizi wa meno bandia, ambayo imetumika tangu miaka ya 1930 mwishoni, kabla ya hapo watu walikuwa wanavaa mpira uliochomwa na salfa. Unachanganya unga sehemu tatu na kimiminika, yaani monoma, sehemu moja. Mwanzo mchanganyiko unakuwa chenga chenga, unafuata kuvutika nyuzi nyuzi, halafu unafika hatua ambayo umeshikana kama unga wa maandazi uliokandwa vizuri na haugandi tena kwenye chombo, hapo ndo unauweka kwenye flaski, yaani kasha la chuma lenye umbo la meno ndani, na kuubana, ukichelewa unakuwa raba na haubaniki tena. Kisha unapika. Na kupika ndo kunakojulikana nani amesoma na nani ameigilizia. Monoma yenyewe inachemka kwenye nyuzi 100 hivi, na akriliki ikianza kushika inatoa joto lake yenyewe kwa ndani, kwa hiyo ukiitumbukiza flaski moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, ndani kule sehemu nene inapita nyuzi 100, monoma inachemka, inaacha vitundu. Vitundu vinashika uchafu na fangasi, meno yananuka, na siku moja yanavunjika katikati. Njia sahihi ni nyuzi 74 kwa masaa 2 halafu ndo upandishe uchemshe saa 1, au uache kwenye 74 usiku kucha, na ukimaliza unaiacha ipoe taratibu usiipige maji baridi ikajikunja.

Na hapa kuna kitu kitabu cha Durban hakikusumbuka nacho kwa sababu Durban ipo pwani. Tabora tupo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo ile "100" ya kwenye maelekezo huipati kwenye sufuria ya wazi hata ungechochea vipi. Mimi hatua ya mwisho naiacha muda mrefu zaidi ili monoma iliyobaki iishe, maana ikibaki nyingi inawasha ufizi wa mgonjwa. Hilo sikuambiwa na mtu, ila nilifundishwa kwa nini tunapika, so nikajua cha kubadilisha. Hiyo ndo maana ya chuo wadogo zangu. Fundi aliyejifunzia kwa kuangalia tu anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko mimi na nawaheshimu wapo wa hivyo, ila mazingira yakibadilika hana pa kushika.

Alginati nayo hivyo hivyo, ile inayochukulia impresheni, imetokana na mwani na sehemu kubwa yake ni maji, mwezi wa kumi jua la Tabora likiwaka inapoteza maji inasinyaa ndani ya muda mfupi sana. Impresheni ikichukuliwa Urambo au Kaliua ikapandishwa basi kuja mjini, ikifika sio mdomo wa yule mtu tena. Huwa naomba wamwage stoni palepale, watume modeli. Wengi wanakubali wakishaelezwa sababu.

Na nta jamani. Nta za maabara nyingi ni parafini iliyochanganywa na vitu vingine ikiwemo nta ya nyuki, ambayo Tabora tunaivuna miaka nenda rudi huko kwenye miombo, Sikonge na kwingine, inauzwa nje, halafu karatasi za pinki za nta tunaagiza kutoka nje. Hili linaniuma kweli, natamani siku mwanafunzi wa hii kozi atokee huku alifanye ndo mradi wake wa utafiti wa mwaka wa mwisho.

Haya, chuo. Kwa ngazi ya diploma fungua gaidibuku ya NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati) ya mwaka unaoomba, sio ya mwaka juzi uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp, uangalie chuo kimesajiliwa na kozi ni ya maabara ya meno kweli, maana kuna ile ya tabibu wa meno, kazi tofauti. Jirani Kenya, KMTC (chuo chao cha serikali cha mafunzo ya tiba) wana diploma ya miaka 3. Kwa digrii, Afrika Kusini kuna vyuo vitatu vya teknolojia vinavyojulikana kwa hii fani, Durban, Cape Town (CPUT) na Pretoria (Tshwane), na Uingereza Manchester Metropolitan na Cardiff Metropolitan wamekuwa nayo, hakikisha kwanza kama bado wanapokea, ila ada zake mzazi akae chini kabisa. Ukienda nje pitia TCU (tume ya vyuo vikuu) kabla hujaondoka uchukue barua yao ya kutokuwa na pingamizi, na ukirudi cheti kinatambuliwa kupitia hao hao. Uliza pia usajili kwenye baraza la taaluma utakuwaje, usisubiri mpaka umemaliza. Hizi fani wenzetu wanazibana kisheria, Afrika Kusini wana sheria ya mafundi wa meno tangu 1979 na baraza lao kabisa, Uingereza kuanzia 2008 hutengenezi meno bila kusajiliwa.

Lakini ukishapata orodha yako ya vyuo, maswali ninayotaka uulize ni mengine. Kila mwanafunzi ana benchi lake la kufanyia kazi au mnapeana zamu watano? Wiki nzima mnakaa maabara masaa mangapi, na mangapi ni slaidi? Kazi zinazotengenezwa zinaenda kwa wagonjwa wa kweli au zinaishia kwenye kabati? Kuna mashine ya kunyonya vumbi? Hili la mwisho ulitilie mkazo, vumbi la silika na la metali za kobalti na kromu likikaa kwenye mapafu halitoki, na monoma inapenya glavu za kawaida za mpira. Chuo kisicho na kinyonya vumbi kinakufundisha kuumwa. Chanjo ya homa ya ini B nayo pata kabla hujagusa impresheni ya mtu.

Kuhusu kompyuta, ndio, mambo yanaenda huko, skana, programu ya kuchora jino, mashine ya kuchonga zirkonia (kauri nyeupe ngumu ya kutengenezea kroni), printa ya 3D. Chuo kizuri lazima kikupitishe. Ila zirkonia ikishachongwa inapikwa kwenye tanuru nyuzi kama 1,500 kwa masaa kadhaa na inasinyaa kama moja ya tano, umeme ukikata katikati umepoteza kazi na pesa, kwa hiyo ukija kufungua maabara huku weka hesabu ya betri au jenereta mapema. Na programu yenyewe inakupendekezea jino tu, anayeona kwamba kilima kimekaa vibaya ni yule aliyechonga nta mwaka wa kwanza.

Kama ni kuhusu hela nitasema kifupi, hutajiriki haraka. Ila mafundi ni wachache na watu wasio na meno ni wengi, na wengi sasa wanaishia kwa watu wa mtaani wanaowagandishia jino kwa akriliki mbichi mdomoni moja kwa moja, kitu kinachochoma ufizi na kuozesha meno ya jirani. Hiyo nafasi inatakiwa ijazwe na waliosoma.

Kama bado unajiuliza unaweza au huwezi, jipime kabla hujalipa ada. Kwanza pima kama macho yako yanatofautisha rangi vizuri, hasa nyie wanaume, kwa sababu rangi za meno kwenye kadi ya kulinganishia ya kampuni ya VITA zipo 16 na nyingine zinakaribiana mno. Pili nunua mche wa sabuni ya kufulia, tafuta picha ya jino namba 16, yaani gego la kwanza la juu kulia, pande zake zote tano, ulichonge mara tatu ya ukubwa wake. Usijali likitoka baya mara ya kwanza. Ukiridhika nalo chonga namba 26, ambalo ni lile lile upande wa kushoto, uyaweke mezani pamoja kisha unitumie picha, nikiona yote mawili yameangalia upande mmoja nitakwambia urudie, nikiona yanaangaliana tutaanza kuongelea chuo.