Nge anaanza saa moja, sio saa saba: chai tunazouziana kuhusu wadudu wa Animal Crossing

Kwetu Chikongola, Mtwara, ukutani kuna karatasi ya daftari, kaibandika mdogo wangu, kaandika wadudu wote anaowataka kwenye Animal Crossing: New Horizons, ile gemu ya Nintendo Switch ya kuishi kisiwani na kudaka wadudu, saa zao na miezi yao, na nusu ya karatasi ile ni chai tupu. Simlaumu sana maana hata mimi nilivyoanza nilikuwa hivyohivyo, na nikiongea na wadau wa Mikindani na wale wachache wa Lindi mjini nakuta chai ni zilezile.

Kubwa kuliko zote ni ya saa. Gemu inaenda na saa ya Switch yako, kwahiyo ikiwa usiku Mtwara na kisiwani usiku. Sasa dogo kaona mtandaoni tarantula anatoka 7 PM mpaka 4 AM, kaandika "saa saba usiku mpaka saa nne asubuhi". Haya, anaweka alamu, anaamka usiku wa manane, anazunguka kisiwa kizima mpaka jua linawaka na watu washamaliza chai ya asubuhi na yeye bado anatafuta buibui! Jamani hiyo ni saa moja usiku mpaka saa kumi alfajiri. Yani masaa sita mazuri ya mwanzo kayalala, na baada ya saa kumi alikuwa anatembea bure tu. Na nge naye saa zake ni hizohizo. Wale mende wakubwa wenye pembe kama Hercules ni 5 PM mpaka 8 AM, maana yake saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili asubuhi, sio saa tano.

Ya pili inafanana na hiyo, ni ya miezi. Mwanzoni kabisa gemu inakuuliza kisiwa chako kiwe kaskazini au kusini mwa dunia, na ukishachagua hubadilishi tena labda ufute kisiwa uanze upya. Sasa wengi huku tunachagua kusini, sawa kabisa, Mtwara ipo kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, ila tunaenda kusoma miongozo iliyoandikwa na watu wa kaskazini. Kwao tarantula ni Novemba mpaka Aprili na nge ni Mei mpaka Oktoba, kwetu ni kinyume, nge ndo anaanza Novemba na tarantula anasubiri Mei. Hercules kwao Julai na Agosti, kwetu Januari na Februari. Yale maua ya pinki yanayopeperuka hewani, unayadaka kwa neti kama mdudu, kwao tarehe 1 mpaka 10 Aprili, kwetu tarehe 1 mpaka 10 Oktoba, huku watu wako bize na korosho. Mimi kanuni yangu ni moja, ruka masaa sita, ruka miezi sita, basi.

Kuna binamu alibisha eti mdudu anayevingirisha mavi hayupo upande wetu kwasababu Mtwara hakuna theluji. Mule gemuni havingirishi mavi, anavingirisha donge la theluji (sijui nani aliamua, ila nilicheka), na kisiwa cha kusini kinapata theluji vizuri tu, yeye yupo Juni mpaka Agosti.

Wengine wanaogopa tarantula akikung'ata unapoteza hela na vitu. Hupotezi kitu, unazimia tu unaamka nyumbani, aibu yako mwenyewe. Kinachowaponza watu ni kukimbia. Shikilia kitufe cha A neti ikiwa imeinuliwa, nyata, akinyanyua miguu ya mbele simama kabisa, akishusha endelea. Na neti kukosa haiichakazi, inachakaa ukidaka, ile ya kawaida inaenda mara 30 inavunjika. Hapo ndo inakuja chai ya neti ya dhahabu, eti ukiipata umemaliza shida. Inavunjika na yenyewe! Inadumu mara 90, na mchoro wa kuitengeneza unaupata ukishakamata aina zote 80 za wadudu, kwahiyo ukishaipata kazi kubwa ushaimaliza.

Kwenye kuuza tunapigwa kwa haraka zetu. Duka linafunga saa nne usiku, ukitupia kwenye boksi la nje unalipwa asilimia 80 tu, nge wa Bells 8,000 (ndo hela ya gemuni) unamwacha kwa 6,400. Na hakuna kitu cha kuogopa kwamba atakufa, muweke nje kwenye tundu lake hata wiki tatu, Flick, yule kinyonga mnunuzi wa wadudu, akitua kisiwani anamnunua mara moja na nusu, 12,000 hiyo. Ila wa kwanza wa kila aina mpelekee bundi wa makumbusho, Blathers, atatetemeka maana anaogopa wadudu lakini atampokea.

Vipande vya nyota navyo usivitafute usiku uleule. Ukiona kimondo, weka chini ulichoshika, tazama juu, bonyeza A, vipande vinaletwa na bahari siku inayofuata, na siku mpya kisiwani inaanza saa kumi na moja alfajiri.

Kurudisha saa ya Switch nyuma hakukufungii gemu kama watu wanavyotishana, ila tanipu zako, zile mboga za kununua na kuuza, zinaoza palepale. Na zikioza usizitupe zote, moja iache chini, mchwa hawaji lakini sisimizi na nzi wanakuja, na wao wanahesabika kwenye zile 80.

Nirudi kwa dogo. Hercules na wenzake wenye bei wanakaa kwenye minazi, kama chonga wetu huku, na ukikimbia karibu na mti wanaruka. Sasa yeye, mtoto wa Mtwara kabisa, alikata minazi yote ya kisiwa akasema inamziba. Juzi kapanda minane ufukweni, maana sehemu nyingine haioti, na karatasi kaipindua kaandika upya nyuma, Januari, saa kumi na moja jioni.